Neno Lililombakia Mwalimu Maana

Mimi huwa simwamini mtu anayejibu haraka. Kazi yangu ni kupekua mikoba kwenye geti la kiwanda cha nguo, wanawake upande wangu na wanaume upande wa mwenzangu, na nimeshawahi kukuta soksi za watoto ndani ya mkate. Mkate wenyewe ulikuwa umechongwa tumbo kwa ustadi ambao ningeusifu kama usingekuwa wizi. Mwenye mkate ule ndiye aliyenisalimia vizuri kuliko wote siku hiyo. Tangu hapo salamu ndefu hunitia mashaka. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani.

Ninayetaka kumweleza ni kaka yangu wa pili, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Maana likamganda hadi nyumbani. Alifundisha chuo cha ualimu somo linaloitwa semantiki. Nilipomuuliza semantiki ni mdudu gani, akasema ni elimu ya kuchunguza maana: neno limebeba nini, sentensi imebeba nini, na msikilizaji ameongezea nini kutoka mfukoni mwake. Nikamwambia, basi na wewe ni mpekuzi kama mimi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kuanzia hapo akawa anawaambia wanafunzi wake kwamba kwao wamezaliwa wapekuzi wawili, ila ni mmoja tu ambaye huwa anapata kitu.

Siku moja nilikwenda kumpelekea ufunguo chuoni, nikakaa kiti cha nyuma nimsikilize. Alikuwa ameandika ubaoni: Leo mpishi amevaa aproni safi. Akauliza, "Jana je?" Darasa zima likajibu kuwa jana aproni ilikuwa chafu. "Nani kasema?" akawauliza. "Njooni mnionyeshe neno lililoitaja jana." Wakaja mmoja mmoja, wakashika chaki, wakaitazama sentensi, wakarudi kukaa. Jana haikuwamo. Na bado kila mmoja aliuona ule uchafu, mimi nikiwamo, na nilikuwa tayari nimeshamchukia yule mpishi. Kaka alisugua mikono kwa furaha. Kilichompa raha maishani ni uchafu wa namna hiyo, ambao kila mtu ameuona na hakuna aliyeutaja.

Kuishi na mtu kama huyo si mchezo. Mkewe, wifi yangu, ni fundi cherehani wa mapazia. Kile chumba chao cha mbele kimejaa majora ya vitambaa, na mkasi mkubwa unaning'inia ukutani kwa kamba ili asiwe anautafuta kila dakika. Akisema, "Karibu namaliza," kaka anauliza hiyo karibu iko wapi. Akisema, "Mteja huyu kidogo aniue," anauliza kidogo kiasi gani. Wifi alikuwa na jibu moja kwa yote hayo: "Maana, kula." Na Maana anakula.

Kuna neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mkewe. Wifi mwenyewe alinidokeza tukiwa tunakunja mashuka, akicheka, lakini si sana. Wakati wa uchumba alimuuliza kama anampenda. Kaka akamjibu kwamba neno hilo watu wanamwambia mama, wanaliambia embe na wanaiambia timu ya mpira, na mpaka ajue limebeba nini hasa hatalitia sahihi. Badala yake kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni alimtilia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya wifi yalianza kuchoka mapema. Aliendelea hivyo miaka nenda rudi, na lile neno hakulisema.

Kiharusi kilimkuta bafuni akinyoa ndevu. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yote yakaondoka. Tulikaa hospitali tukimtazama midomo, roho juu, mpaka asubuhi moja nesi alipofungua pazia na kumwambia kumekucha. Kaka akamtazama, akasema waziwazi, "Kumbe."

Tulishangilia. Wifi alinikumbatia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikadondoka. Tulidhani hilo ni la kwanza na mengine yako njiani. Halikuja lingine. Mtu aliyekuwa hakubali neno lolote bila kulichana mshono aliachiwa neno moja tu, tena lile, na akawa analisema kwa kila kitu na kila mtu, mara kwa upole, mara kwa ukali, mara kama anayenong'ona.

Ingekuwa heri lingebaki maji, au haya, au jina la mtu. Kumbe ni neno la aliyegundua jambo. Hata kama hakugundua chochote, wewe uliyeambiwa unaanza kujikagua. Kinyozi aliyekuja kumnyoa nyumbani alimwambia, "Mwalimu, leo nimekuja na wembe mpya kabisa." Kaka akamtazama usoni. "Kumbe," akasema. Kinyozi akasimama kidogo, akasema kuna kitu amesahau, akatoka. Aliporudi alikuwa na wembe ambao bado uko kwenye karatasi yake. Nilicheka siku nzima, ila moyoni nilikuwa najiuliza nimemwambia nini mimi mwenyewe wiki ile.

Hapo ndipo wifi alipoanza kutafsiri. Kaka akisema kumbe, wifi anasema, "Anasema dirisha lifungwe." Kumbe. "Anasema mto umemchomoka mgongoni." Mwanzoni niliona ni kawaida, maana mke anamjua mume. Lakini tafsiri zikaanza kunenepa. Kumbe moja ikawa inatoa sentensi ndefu zenye viunganishi. "Anasema amefurahi umekuja, ila umekonda, na geti lile wabadilishe zamu." Yote hayo kutoka kumbe moja? Nikamtazama wifi. Naye akanitazama kwa macho makavu, akaendelea kupinda pindo.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa usemi, binti mpole mwenye kadi za picha. Alizipanga mezani, kijiko, mlango, nanasi, akamwambia, "Mwalimu, nionyeshe kijiko." Kaka akagusa mlango. Binti akabadilisha, akauliza tena. Kaka akagusa nanasi na kutabasamu. Mwishoni binti akatuambia, mimi na wifi, kwamba tusidanganyike na anavyoitikia kwa kichwa. "Anasoma uso wenu na sauti yenu," alisema. "Ukimuuliza kwa uso wa ndiyo, atakupa ndiyo. Kwa hiyo mkimuuliza jambo, muulizeni na kinyume chake, mlinganishe."

Wifi alikuwa anatazama sakafu. Kwenye teksi ya kurudi kaka alisema kumbe kwenye kona. "Anasema uende polepole," wifi akamwambia dereva. Machale yakanicheza pale pale.

Kilichokuja kuliwasha jambo lenyewe ni simu ya kaka mkubwa. Huyu ni mkubwa wetu sote, fundi umeme mstaafu, mtu wa maneno machache na amri nyingi, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mbali kidogo tangu mkewe afariki. Alisema anataka kumchukua Maana akakae kwake. Chumba kipo chini, milango ni mipana ya kupita kiti cha magurudumu, na shemeji mabega yanamuuma, hawezi tena kumnyanyua mwanamume mzima. Wifi akitaka aje naye, asipotaka abaki na cherehani na wateja wake. "Ila mwenyewe akubali," akasema. "Simchukui mtu kama fenicha."

Wifi akaiweka simu sikioni kwa mumewe. Kaka mkubwa akaongea. "Kumbe," akasema Maana.

"Anasema hataki kuhama," wifi akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida.

Jioni hiyo kaka mkubwa alinipigia mimi. "Wewe ndiye mwenye macho," akaniambia. "Nataka kujua anayesema ni yeye au ni mkewe. Jumapili nakuja."

Huenda ningekataa kuifanya kazi hiyo. Lakini siku mbili kabla, wifi alikuwa amenisindikiza mlangoni na kuniambia, uso umemng'aa kama wa msichana, "Leo amesema ananipenda." Nikasema hongera. Nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nalitafuna lile. Kaka yangu, aliyeligomea neno hilo akiwa na ulimi mzima, sasa analisema akiwa na kumbe peke yake? Hapo nikakata kauli kwamba wifi anamtia maneno mdomoni, na kama amemtia hilo, basi na la kutotaka kuhama ni lake. Na mwanamke anayemsemea mume anaweza kumsemea lolote, hata lile la kumdhuru.

Nilingoja aende kupeleka mapazia kwa mteja. Nikakaa mbele ya kaka, kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo begani. Nikavaa uso wangu wa getini, ambao hauna ndiyo wala hapana. Nikakumbuka alivyokuwa akiwapima wanafunzi. Hakuwauliza kama wameelewa, kwa kuwa kila mtu husema ameelewa. Aliwatupia sentensi isiyowezekana, akangoja kuona nani atashtuka.

"Kaka," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipokuwa mchanga."

Mimi ni kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenibeba. Akaitikia kwa kichwa.

"Samaki wamepanda juu ya paa, wanaanika nguo."

"Kumbe," akasema, na kuitikia.

"Chai yako nimeipika kwa mchanga, ukaipenda." Akaitikia. "Wewe ni mwanamke, unafanya kazi ya kurusha ndege." Akaitikia, tena kwa heshima, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wazito. Nilitaka kuacha. Nikaona nikiacha hapo nitakuwa nimejionea huruma tu, na la maana zaidi sijalipima. Nikasema, "Mke wako ameondoka. Harudi tena."

Alinitazama. Macho yake ni yale yale, hilo ndilo linaloumiza. "Kumbe," akasema taratibu, akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka kutazama nje.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya wifi wala kwa ajili ya hukumu niliyoipata. Nilimlilia kaka yangu, ambaye aliwahi kunizuia kuinuka mezani mpaka nimweleze nikisema nimeshiba ninamaanisha tumbo au hasira. Nikanawa uso kwenye sinki la jikoni na kumngoja mkewe.

Wifi aliporudi nilimfuata chumba cha mbele. Alikuwa anatandaza kitambaa mezani, anakinyoosha kwa viganja.

"Wifi," nikasema, "kaka haelewi."

Hakuacha kunyoosha. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Kabla ya yule binti na kadi zake. Siku moja nilimwambia nyumba inaungua. Akaniitikia kwa kichwa."

"Sasa anasema, anasema, hiyo ya nini? Unatuchezea akili wote?" Sauti ilinipanda. "Ndugu yake mkubwa anapiga simu, wewe unajibu! Daktari anauliza, wewe unajibu! Kama haelewi, sema haelewi!"

Akavuta stuli akakaa. "Jirani wa nyumba ya kona unamjua?" akaniuliza. "Rafiki yake wa bao. Alipokuja mara ya kwanza baada ya hospitali alimsalimia vizuri tu. Mume wangu akasema kumbe. Mimi nikanyamaza, nilitaka kuona. Mara ya pili alinisalimia mimi, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, na mgonjwa yuko hapo hapo anamtazama. Mara ya tatu akaja na mkoba wake wa sokoni, akauweka juu ya mapaja."

"Mapaja ya nani?"

"Ya mume wangu, wifi. Alikuwa anatafuta pa kuuweka, akaona pale panafaa."

Nimeona mikoba mingi katika maisha yangu, lakini huo sikuupenda.

"Nikaanza kusema anasema," akaendelea. "Jirani akautoa mkoba. Akamwomba radhi yeye, si mimi. Tangu siku hiyo kila anayeingia humu anamtazama usoni, kwa sababu hajui atamwambia nini. Nikinyamaza leo, kesho watampangusa vumbi."

"Na lile la kukupenda?"

Aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya uzi kwenye sketi yake. "Lile nilijisemea mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Niliona wenzangu wote wanapata kitu. Wewe umepata kuambiwa umekonda, kinyozi amepata wembe. Mimi napata kufunga dirisha."

Nilitaka kumkasirikia, na hasira niliyokuja nayo bado ilikuwepo, ila sikujua tena niielekeze wapi. Hata hivyo sikumwamini wote. Anayekiri upesi namna hiyo mara nyingi ana kingine mfuko wa pili. Nikamuuliza, "Na kuhama? Nani hataki, yeye au wewe?"

"Mimi," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini na yeye hataki."

"Umejuaje?"

"Usinifanyie semantiki, wifi. Sijui nimejuaje."

Jumapili kaka mkubwa alifika amevaa koti, ameshika sanduku. Nililiinua kumsaidia, na mkono ukaniambia halina kitu ndani. Alikuwa amekuja kulijaza. Alimwendea Maana moja kwa moja, akamshika mkono wa kushoto, ule mzima. "Mwalimu, habari za siku?" Maana akamjibu kumbe. Kaka mkubwa akasema salama tu, akakohoa, akarekebisha kola. Kisha akanigeukia.

"Haya. Umempima?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakunikonyeza wala hakunitazama kwa kuniomba. Angenikonyeza ingekuwa rahisi, ningemsuta. Nikasema ukweli. Nikaeleza la samaki juu ya paa, la chai ya mchanga, na yote aliyoyaitikia. Nikasema, "Kaka, haelewi. Ukimuuliza anataka kwenda atakubali, ukimuuliza anataka kubaki atakubali."

Kaka mkubwa akajaribu mwenyewe, kwa sababu na yeye ni wa ukoo huu, haamini kitu mpaka akishike. Akauliza kwenda, akapata kichwa. Akauliza kubaki, akapata kichwa. Akashusha pumzi. "Basi," akasema, "hakuna cha kumuuliza." Akakaa kwenye kochi, akaliweka sanduku sakafuni katikati ya chumba, akamwambia wifi, "Shemeji, anavaa viatu namba ngapi siku hizi, na huo mguu uliovimba? Anakula mwenyewe au analishwa? Usiku anasumbua?"

Wifi akajibu. Kaka mkubwa akauliza kuhusu dawa, wifi akajibu. Akauliza kama bado anafaa kuvaa suruali za mkanda au za mpira. Hawa ni watu wema wote wawili, na walikuwa wanapanga mambo mema. Maana alikuwa anageuza kichwa, mara kwa huyu, mara kwa yule, akimtazama kila anayeongea mdomoni. Hakuna aliyemtazama yeye. Alisema kumbe, wakamngoja amalize, wakaendelea.

Mimi nilikwenda kuleta chai. Nikaimimina, nikampa kaka mkubwa, nikampa wifi, nikachukua yangu, nikakaa, nikakoroga sukari. Nilipoinua kikombe nikakuta Maana anakitazama. Nilikuwa nimeleta vikombe vitatu, na chumbani tulikuwa wanne. Mimi, dada yake wa tumbo moja, ambaye wiki nzima nimekuwa nikijisifu kwamba nampigania.

Mdomo ukanitoka wenyewe. "Anasema na yeye apewe chai."

Wote wakanigeukia. Wifi akaweka kikombe chake chini.

"Hakusema hivyo," akasema.

"Amesema. Nimemsikia."

"Wifi, hapana. Chai ya mchana inampa kiungulia, na yeye anajua. Anasema sanduku hilo litolewe hapo, limemzibia mlango. Hapendi kukaa mahali haoni mlango."

"Kiungulia gani? Tangu utoto anakunywa chai mchana! Unataka kunifundisha kaka yangu?"

"Utoto wake sikuwepo. Utu uzima wake ndio ninaoufua na kuupiga pasi. Anasema sanduku."

"Anasema chai!"

"Sanduku!"

Nilikuwa nimesimama, kijiko mkononi. Wifi naye kasimama. Tuligombana kweli, si mchezo wa kuigiza. Nilikuwa na uhakika na chai ile kama nilivyo na uhakika na kitu kizito ndani ya mkate. Na yeye nilimwona usoni kwamba haongopi. Si kila tafsiri kwake ilikuwa sawa. Kulikuwa na ya kweli na ya uongo, na yangu alikuwa anaikataa kama ambavyo angekataa pindo lililopindwa upande.

"Nyamazeni!" Kaka mkubwa alisema. Akaninyooshea kidole. "Wewe. Sasa hivi umeniambia haelewi."

"Haelewi."

"Na wewe shemeji, umekubali haelewi."

"Nimekubali, shemeji."

"Sasa mnabishania nini?"

Kaka mkubwa akatutazama kwa mashaka yale yale ninayowatazama nayo watu getini, akageuka polepole kumtazama mdogo wake, safari hii uso kwa uso. Sote tukamtazama. Maana akamwangalia kaka yetu, koti lake la kutokea, viatu alivyovipiga rangi, sanduku tupu lililo miguuni kwake.

"Kumbe," akasema.

Nilingoja wifi atafsiri. Wifi naye alikuwa ananingoja mimi.

Mabega yakamshuka kaka mkubwa. "Ndiyo," akasema, na hakuwa anatuambia sisi. "Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Nyumba imekuwa kubwa. Tangu shemeji yako aondoke naongea na redio. Juzi nilimpigia fundi bomba, na bomba halina tatizo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilisema nakuja kukusaidia. Nilitaka tu mtu wa kukaa naye."

Mimi huyu, ambaye ninawapekua watu kila siku, nilikuwa sijaliona hilo. Tangu ile simu ya kwanza nilikuwa nimemshuku wifi tu. Nilimwonea kaka mkubwa huruma, na niliona aibu kuwa hapo nikimsikiliza.

Aliinuka, akaliburuta sanduku hadi ukutani, akarudi na kiti cha mbao, akakiweka karibu na kile cha Maana, magoti yao karibu yagusane. Wifi akanivuta kwa kiwiko. Tukaenda jikoni tukawaachia sebule.

Kutoka kule tulimsikia kaka mkubwa akiongea kwa sauti ya chini, akinyamaza, kisha ikaja ile sauti ya mwenzake, halafu akaongea tena kwa kirefu, kama mtu aliyeulizwa. Nilisogea mlangoni nisikie anaambiwa nini. Wifi akanishika mkono, akanirudisha mezani, akanipa kisu na vitunguu.